Kidonge cha Kulalia na Mabinti wa Mama Wakesho

Nimestaafu juzi tu, na vijana niliowaacha pale famasi wameniomba niwaandikie yale niliyoyaona kazini. Siku ya kuniaga walinipa keki, saa ya ukutani na hotuba ndefu kutoka kwa mkubwa mmoja aliyekosea jina langu mara mbili. Mshahara sitauzungumzia, maana haukuwa na mazungumzo. Vyeo mtavikuta kwenye faili mkiwa na hamu navyo. Nitaandika zaidi juu ya mama mmoja wa Mghange, kule milimani, na mabinti zake wawili, kwa sababu nikiikumbuka kazi hii hao ndio huja kwanza. Mmoja alikufa mikononi mwetu. Wa pili tulikaribia kumpeleka njia hiyo hiyo, kwa dawa ile ile na kwa bidii ile ile.

Mimi ni mtoto wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa hapa Voi. Baba alitoka magharibi kufuata kazi ya treni za mizigo, na sisi tukakulia kwenye moshi na filimbi. Siku yangu ya kwanza famasi nilifika na koti jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Nilimkuta Bi Zuhura, mwanamke wa Kiislamu wa mjini, aliyekuwa akitoa dawa kwenye dirisha lile tangu mimi nikivaa kaptura. Alilitazama koti, akanitazama mimi, akaniambia ni koti zuri, sasa nishike kitambaa nifute rafu. Hiyo ndiyo iliyokuwa semina yangu ya kukaribishwa kazini.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: sinia la plastiki la kuhesabia vidonge, kisu bapa kisicho na makali cha kuvisogezea, bahasha za kaki na kalamu. Asiyejua kusoma tulimchorea jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa dawa ya kulalia. Dirisha lenyewe lilikuwa dogo na liko chini, aliyelijenga nadhani alikuwa amekasirikia watu warefu. Mgonjwa aliinama, ukamwona uso na mikono, basi. Unaweza kumhudumia mtu mwaka mzima usijue kama ana miguu.

Bi Zuhura alikuwa na tabia ya kuacha kiti chake, akatoka kwa mlango wa pembeni na kusimama nje akimtazama mgonjwa anavyokwenda mpaka getini. Mimi nilidhani ananyoosha mgongo. Nilipomwuliza alisema kwamba mtu akiwa dirishani anakuonyesha anachotaka ukione, lakini akikupa kisogo huwa amesahau kwamba unamtazama. Nikaichukua hiyo tabia, ingawa kwa miaka mingi sikuona faida yake zaidi ya kupunga upepo.

Kitu kingine alichonifundisha kilitoka kwa mfanyakazi mmoja wa shamba la mkonge. Alipewa vidonge vya malaria vya aina ambayo siku hizi haitolewi ovyo, akarudi macho ya njano na mkojo wake una rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Bi Zuhura alimwuliza kama kwao, upande wa mama, kuna mtu aliyewahi kupatwa na mambo hayo. Yule bwana akafikiri, akasema mjomba wake aliwahi kukojoa damu baada ya kupewa dawa, na nyumbani walisema karogwa. Daktari alipoelezwa alielewa mara moja, akasimamisha vidonge, akaagiza aongezwe damu. Alitueleza kwamba wako watu ambao chembe zao za damu hupasuka zikikutana na dawa fulani, wanazaliwa hivyo, na wanaume huurithi udhaifu huo kwa mama zao. Yule bwana alipona na kurudi kukata mkonge.

Jioni tukifunga, Bi Zuhura alinionyesha kopo moja la dawa na kipimo kilichoandikwa juu yake. "Hiki kimeandikiwa mtu wa wastani, mwanangu," akaniambia. "Mimi sijamwona bado hapa dirishani. Ukiona dawa imemgeuka mtu, muulize ya kwao."

Alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu, na mimi nikabaki na dirisha.

Kisha ikaja miaka ambayo vijana wa sasa mnaisoma tu. Watu walikuja wamekonda, tukawapa dawa za kuhara na vitamini, tukajua hatuwapi kitu. Mafundi wa majeneza waliweka kazi zao nje kando ya barabara kuu kama watu wanaouza viti. Kwa hivyo dawa za virusi zilipofika, na tukamwona mtu aliyeletwa kwa toroli akirudi anatembea na kulalamika kuhusu foleni, tulizipenda dawa zile kama mtu anavyompenda aliyemtoa majini. Nawaambia haya ili mtuelewe. Tulikuwa tumeona kifo cha kukosa dawa kwa muda mrefu mno, tukawa hatuwezi tena kuona kingine.

Sheria ya kliniki yetu ilikuwa kwamba anayeanza dawa aje na mtu wake, ndugu au rafiki anayejua siri, wa kuhakikisha kwamba kidonge kinamezwa kila siku, saa ile ile, maisha yote. Tulimwita msaidizi wa matibabu. Kati ya dawa zenyewe ilikuwamo efavirenzi, ambayo sisi tuliiita kidonge cha kulalia kwa sababu ilileta kizunguzungu na ndoto za ajabu, na mtu alishauriwa aimeze anapopanda kitandani. Wengi waliizoea baada ya wiki chache. Kilikuwa kidonge kimoja, cha ukubwa mmoja, kwa dereva wa lori mwenye kifua kama mlango na kwa mwanamke mwembamba wa mlimani.

Huyo mwanamke mwembamba alikuwa Wakesho, mwalimu wa chekechea kutoka Mghange, mwimbaji wa kwaya. Alikuja na mama yake. Walikuwa wamepita zahanati na hospitali njiani, wakashuka milima yote ile mpaka Voi, ili wasikutane na mtu wa kanisani kwao. Tulikuwa na wagonjwa wengi wa namna hiyo, na wa Voi nao walipanda kwenda kwingine, kwa hivyo magari yalijaa watu wanaokimbiana. Mama Wakesho alikuwa mfupi, kitambaa kimefungwa kichwani sawasawa, mwanamke wa kufunga na kuomba. Nilipomweleza kazi ya msaidizi alinisikiliza kama anasikiliza kiapo. Aliniuliza kama amwangalie binti yake mpaka ameze au ampe tu na kuondoka. Nikamwambia amwangalie mpaka ameze.

Ilikwenda vizuri kwa miezi. Baadaye Wakesho akaongezewa dawa ya kuzuia TB, kama walivyoongezewa wengine wote. Baada ya hapo akaanza kubadilika. Maneno yake yakawa mazito. Alisahau majina ya watoto wa darasa lake. Mwili ulipungua badala ya kuongezeka, na mikono iliyopokea dawa pale dirishani ikawa inatetemeka. Siku moja nikatoka nje kwa mlango wa pembeni, nikamtazama akienda getini. Alikuwa ameitanua miguu, anaitupa kila upande, kama mtu anayetembea kwenye mchanga wa mto.

Nilimpeleka kwa matabibu wa kliniki siku hiyo hiyo. Walimpima maji ya uti wa mgongo wakitafuta maambukizi ya ubongo, hawakupata kitu. Yakabaki maelezo mawili. La kwanza lilitoka Mghange: kwamba mwalimu ameanza kunywa mbangara, ile pombe ya miwa ya kule mlimani. Wazee wa kanisa walikuwa wameshamtoa kwenye kwaya, na shule ikamwambia apumzike. La pili lilikuwa letu, na lilikuwa maneno mawili ambayo yaliandikwa kwenye faili za watu wengi kuliko ninavyotaka kukumbuka: hamezi vizuri. Virusi vimeingia kichwani, tukasema, kwa sababu hamezi vizuri.

Wakesho mwenyewe alikuja dirishani, akajishikilia ubao kwa mikono miwili. "Daktari, mimi sinywi," akasema polepole, akilitafuta kila neno. "Hata harufu yake siipendi." Huku kila mwenye koti jeupe ni daktari, hata mimi. Nilimwamini. Ila sikuwa na jibu lingine la kuweka mahali pa pombe, na mtu asiye na jibu humwambia mgonjwa ajitahidi.

Mama yake aliitwa, akaketishwa, akafundishwa upya. Aangalie chini ya ulimi. Ampe maji, kisha amzungumzishe kidogo aone kama mdomo ni mtupu. Mama Wakesho aliyafanya yote. Damu ikapelekwa kupimwa wingi wa virusi, na majibu yaliporudi, virusi vilikuwa havionekani kabisa. Hakuna mgonjwa aliyekuwa na majibu mazuri kama yale mwezi ule. Mnaweza kuona tulivyofurahi. Majibu yale yalikuwa yanatuambia waziwazi kwamba binti huyu anameza kila siku bila kukosa, na bado anakwisha, lakini sisi tuliona dawa inafanya kazi, tukampongeza mama.

Wakesho alilazwa na hakutoka. Aliacha kutembea, akaacha kusema, mwisho akawa hawezi kumeza. Mama yake, kama tulivyomwambia, alikisaga kidonge kwa kijiko, akakichanganya na uji, akamlisha kidogo kidogo huku akimfuta kidevu. Nilipita wodini nikamwona, na moyoni nikasema laiti wagonjwa wote wangekuwa na mama kama huyu. Cheti cha kifo kiliandikwa jina la ugonjwa. Kule Mghange walimzika kama mlevi aliyetubu, na mhubiri aliwaonya vijana kuhusu pombe mbele ya jeneza lake.

Binti wa pili aliitwa Mghoi. Huyu alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya madereva wa malori kando ya barabara kuu, mwanamke wa sauti kubwa anayebeba sufuria ya maharagwe peke yake. Alikuwa na mtoto anayesoma Mghange, akilelewa na nyanya yake. Mghoi alipojipima na kukuta ameambukizwa, msaidizi wake akawa yule yule. Mama Wakesho alimwachia mumewe mjukuu, akahamia Voi kwa muda, akalala chumba kimoja na binti yake ili asimamie mwanzo wa dawa. Nilimwandalia kopo la kidonge cha kulalia mimi mwenyewe. Kilikuwa ndicho kipimo, na ndiyo iliyokuwa dawa ya kila mtu.

Wiki chache baadaye Mama Wakesho alikuja peke yake. Alingoja kwenye foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akaliweka lile kopo kwenye ubao wa dirisha.

"Hii kopo nimerudisha, daktari."

Nikamwuliza kuna shida gani.

"Mghoi jana ameshika ukuta akienda chooni. Vile Wakesho alikuwa anashika. Mimi siwezi kumpa tena."

Hasira ilinipanda, na sioni aibu kuisema. Nilikuwa nimewaona wengi waliorudisha makopo kwa sababu ya mhubiri au mganga, na nikawaona tena baadaye wakiwa mifupa. Nikamwambia, "Mama, usipompa atakufa."

Alinitazama kupitia lile dirisha dogo. Hakuinua sauti. "Na yule niliyempa?"

Nilifunga dirisha. Watu kwenye foleni walinung'unika, mmoja akasema serikali ni ile ile. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikamketisha Mama Wakesho kwenye benchi, nikamwuliza lile swali la Bi Zuhura: kwao kuna mtu mwingine aliyewahi kugeukwa na dawa?

"Unaniuliza wa kwetu," akasema. "Wa kwetu si ndiye Wakesho?"

Nikamchukua mpaka kwa Daktari Nyambu, kijana wa Taita aliyekuwa amehamishiwa kwetu mwaka ule, mpole, mwenye kupenda kusoma. Alitaka kumwona Mghoi. Mama akaenda kumtoa jikoni, akaja naye bado ana aproni. Daktari akamwambia atembee kwenye mstari wa vigae vya korido, kisigino mbele ya kidole. Mghoi alicheka, akaona ni mchezo. Alipiga hatua, akauegemea ukuta. Akajaribu tena, akauegemea ukuta. Halafu akaacha kucheka, akamtazama mama yake, na mama yake akafumba macho.

Daktari alifunga mlango akampigia simu mwalimu wake aliyekuwa Mombasa. Walizungumza kwa muda mrefu. Alipomaliza, alimbadilishia Mghoi dawa siku ile ile, akatoa damu ikapelekwa maabara moja ya utafiti Nairobi ipimwe kiasi cha kile kidonge kilichobaki mwilini. Majibu yalipokuja alituita sote watatu. Dawa ilikuwa imejaa kwenye damu ya Mghoi kupita kiasi, kana kwamba alikuwa anameza kopo zima.

Aliwaeleza kwa lugha ya jikoni, na hapo ndipo nilipomheshimu. Alisema ini la mtu ni kama sehemu ya kuoshea vyombo kwenye hoteli. Dawa zinaingia kama sahani chafu, na ndani kuna muoshaji anayeziosha zitoke. Kwa watu wengi muoshaji ana mikono mepesi. Wengine wamezaliwa na muoshaji wa polepole: sahani za leo hazijaisha, za kesho zinaletwa, mpaka zinafunika jikoni yote na kupanda kichwani. Mtu wa namna hiyo amechukua jeni ya uzito huo wa mikono kwa baba na kwa mama pia, nusu huku na nusu huku, na wazazi wenyewe wanaweza kuishi bila kujua. Si ugonjwa, na si jambo la nadra, huku kwetu wako wengi. Kwa Wakesho, ile dawa ya kuzuia TB ilikuja kumfunga muoshaji huyo mkono mmoja. Yule ambaye hamezi vizuri angepata nafuu siku anazoruka. Aliyezama ni yule anayemeza kila siku.

Mama Wakesho alikuwa ameweka mikono mapajani. Aliuliza, "Kwa hivyo Wakesho hakuwa anakunywa pombe."

"Hakuwa anakunywa, mama," Daktari akasema.

"Na alikuwa anameza."

"Alikuwa anameza."

Kisha mama akasema, akiitazama mikono yake, "Kidonge cha ule uji nilisaga mimi."

Daktari Nyambu ndiye aliyemjibu, na macho yake yalikuwa mekundu: "Sisi ndio tuliokuambia usage, mama." Alikuwa hata hajafika kituoni wakati ule, lakini alisema sisi. Mghoi alimshika mama yake mkono, ukatulia ndani ya wake.

Mama hakutulaumu. Aliomba kitu kimoja tu. Alitaka Daktari apande Mghange Jumapili moja, asimame mbele ya kanisa, aseme kwamba mwalimu Wakesho hakuwa mlevi, kwamba kilichomwangusha ni dawa ya hospitali. Daktari akakubali papo hapo, akatoa simu atafute Jumapili. Mimi ndiye niliyeuliza atawajibu nini wakimwuliza ni dawa ya ugonjwa gani.

Tulijaribu kulizunguka swali hilo. Aseme ni dawa ya kifua? Kule kila mtu anajua kifua cha mwenzake maana yake ni nini. Aseme ni dawa tu, bila jina? Mghange ni mahali ambapo maswali mawili yanatosha, na la tatu lingekuwa kuhusu Mghoi, anayekwenda kliniki ile ile Voi na mama yule yule. Kisha mtoto wake shuleni. Ukweli wa kumsafisha aliyekufa ungemvua nguo aliye hai, na hatukuona namna ya kuukata vipande viwili.

Mghoi alisema yeye hajali, waambiwe. Mama yake alimtazama kwa muda, na nikaona anaamua. "Wewe utajali," akasema. Halafu akamgeukia Daktari. "Basi waache waseme alilewa." Akaamka, akajifunga kitambaa upya, akaniomba kopo la dawa mpya.

Kidonge cha kulalia siku hizi kimewekwa nyuma ya kabati na wagonjwa wanaanzishiwa dawa nyingine. Msidhani mambo yameisha. Kila dawa mnayoipitisha kwenye lile dirisha inakwenda kukutana na ini msilolijua. Mtakuta anayesinzia kwa nusu ya kidonge cha mzio, na mtakuta aliyepewa dawa ya maumivu na hasikii nafuu yoyote, mkamwita mwongo. Kabla hamjaandika yale maneno mawili kwenye faili, tokeni nje kwanza, mtazameni akitembea.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilipanda Mghange kumzika Baba Wakesho, yule aliyetoa ile nusu nyingine bila kujua. Baada ya kaburi kufunikwa niliingia ndani kumpa pole mjane. Alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wa kanisa. Tulisalimiana kama watu wanaojuana kidogo tu, nikapewa kiti karibu na mlango. Mwanamke mmoja wa kwaya, mwenye huruma zake, akasema mzee alianza kufa siku ile ile alipokufa Wakesho, binti mzuri vile, na sauti ile, kuharibiwa na mbangara.

Mama Wakesho hakunitazama. "Pombe ni mbaya, mama," akamwambia. "Ilinimalizia mtoto."

Wenzake wakaitikia kwa masikitiko. Mghoi akaingia kutoka jikoni na sufuria kubwa ya chai, imejaa mpaka ukingoni, akapita katikati ya miguu ya watu, kisigino mbele ya kidole, na hakumwaga.